Hasheem Thabeet: Safari ya Mtanzania wa Kwanza Kucheza NBA, kutoka Chuo Kikuu hadi Ligi ya Kulipwa

Tarehe 25 Juni, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Kamishna wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA) wakati huo, David Stern, alitangaza jina la pili katika orodha ya wachezaji wapya wa ligi hiyo. Jina hilo lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Msimu ulipoanza baadaye mwaka huo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Kwa Watanzania wengi, habari za safari hiyo huanza na kuishia katika kimo chake cha futi 7 na inchi 3, sawa na takribani mita 2.21. Kimo ni kweli kilimfungulia mlango. Hata hivyo, kati ya kuonekana akiwa kijana na kuitwa jukwaani New York kulikuwa na shule, kanuni, mashindano ya vyuo na uamuzi mmoja mzito: aondoke chuoni lini. Makala haya yanaeleza hatua hizo, kanuni zinazoongoza kila hatua, na mambo ambayo kijana wa Kitanzania na wazazi wake wanapaswa kuyafahamu kabla ya kufuata njia hiyo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Texas

Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari, 1987 jijini Dar es Salaam. Alifiwa na baba yake akiwa bado mtoto. Akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Makongo, shule inayofahamika kwa kulea vipaji vya michezo, alianza kujifunza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Umri huo ni mkubwa kuanzia mchezo huu. Wengi wa vijana wa Marekani ambao angekuja kushindana nao walikuwa wameshika mpira tangu shule ya msingi, na tayari walikuwa wamecheza mamia ya michezo yenye waamuzi na makocha.

Baada ya kuonekana, alikwenda Marekani kumalizia elimu ya sekondari. Alipitia shule zaidi ya moja kabla ya kutulia katika Shule ya Cypress Christian, Houston, jimbo la Texas. Hatua hii haitajwi sana, lakini bila hiyo zinazofuata zisingewezekana. Chuo kikuu cha Marekani hakimsajili mchezaji kwa kimo peke yake. Ni lazima mwanafunzi awe amemaliza sekondari na kufaulu masomo yanayotambuliwa, kisha athibitishwe na Chama cha Michezo cha Vyuo Vikuu vya Marekani (NCAA) kuwa anastahili kucheza.

Miaka mitatu Connecticut

Mwaka 2006 Thabeet alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Timu yake ilifundishwa na Jim Calhoun, kocha aliyekwisha kukipatia chuo hicho ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004. Miaka miwili kabla ya Thabeet kufika, mchezaji mwingine wa kati wa chuo hicho, Emeka Okafor, mwenye wazazi kutoka Nigeria, alikuwa amechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Hivyo UConn haikuwa ngeni katika kazi ya kumwandaa mchezaji mrefu mwenye jukumu la kulinda goli.

Msimu wa kwanza, 2006/07, ulikuwa wa kujifunza. Timu ilimaliza na ushindi wa michezo 17 na kupoteza 14, na haikupata nafasi katika mashindano ya taifa. Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 na mitupo 3.8 aliyoizuia kwa kila mchezo. Takwimu hizo zilionesha picha halisi ya mchezaji: kwa wastani, idadi ya pointi alizofunga haikuwa mbali sana na idadi ya mitupo ya wapinzani aliyoizuia.

Msimu wa pili wastani wake ulipanda hadi pointi 10.5, ribaundi 7.9 na mitupo 4.5 iliyozuiwa. Alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Hata hivyo, katika mashindano ya taifa UConn iliondolewa katika mchezo wa kwanza na Chuo Kikuu cha San Diego kwa pointi 70 kwa 69, baada ya muda wa nyongeza. Tayari wakati huo jina lake lilitajwa miongoni mwa wachezaji wanaoweza kuingia NBA, lakini alirudi chuoni kwa mwaka wa tatu.

Mwaka huo wa tatu ndio uliombadilishia hadhi. Thabeet alifikisha wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa. Tarehe 31 Januari, 2009, dhidi ya Chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Kufikisha kumi katika vipengele vitatu tofauti kwa mchezo mmoja ni jambo la nadra, na ni nadra zaidi pale ambapo kipengele kimojawapo ni kuzuia mitupo. Mwisho wa msimu alichaguliwa tena kuwa mlinzi bora wa Big East, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Timu nayo ilipanda. UConn ilimaliza msimu wa 2008/09 ikiwa imeshinda michezo 31 na kupoteza mitano. Katika mashindano ya taifa iliziondoa Chattanooga, Texas A&M, Purdue na Missouri, kabla ya kufungwa na Michigan State pointi 82 kwa 73 katika nusu fainali iliyochezwa jijini Detroit.

Mchezo uliotoa onyo

Katika msimu huo mzuri upo mchezo mmoja unaopaswa kukumbukwa na kila anayetaka kuielewa safari hii. Tarehe 16 Februari, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, UConn ikiwa nafasi ya kwanza kitaifa iliikaribisha Pittsburgh jijini Hartford. Pittsburgh ilishinda kwa pointi 76 kwa 68. Blair, aliyekuwa na kimo cha futi 6 na inchi 7 tu, alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Thabeet aliishia pointi tano na ribaundi nne.

Mtu aliyepungukiwa zaidi ya nusu futi alimzidi mwenzake kwa nguvu za mwili, kwa kutangulia kushika nafasi chini ya goli na kwa ujuzi wa kumzuia mpinzani kwa mgongo. Hayo ni mambo ambayo mchezaji huyapata kwa miaka mingi ya kucheza, na Thabeet alikuwa na miaka saba tu tangu aanze mchezo huu. Katika michezo mingi ya vyuo kimo chake kilitosha kuziba pengo hilo. Katika NBA, ambako wachezaji wa kati karibu wote ni warefu na wenye miili iliyokomaa, pengo hilo lingeonekana kila usiku.

Uteuzi wa NBA unavyofanyika

Baada ya msimu huo Thabeet alitangaza kuondoka chuoni, akiwa amebakiza mwaka mmoja katika masomo ya miaka minne. Ili kuuelewa uamuzi huo, ni vyema kufahamu kanuni za uteuzi.

Kila mwaka NBA huwa na uteuzi wa wachezaji wapya wenye mizunguko miwili. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hupata nafasi za mwanzo, na mpangilio wa nafasi za juu huamuliwa kwa bahati nasibu ili timu isipoteze michezo kwa makusudi. Kwa mujibu wa kanuni iliyoanza kutumika katika uteuzi wa mwaka 2006, mchezaji lazima awe anatimiza angalau miaka 19 katika mwaka wa uteuzi, na kwa aliyesoma Marekani, uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu wenzake wa darasa wamalize sekondari. Mchezaji ambaye hajamaliza chuo huwasilisha jina lake mwenyewe, na anaweza kuliondoa kabla ya siku ya mwisho iliyopangwa.

Nafasi anayochaguliwa mchezaji ina uzito mkubwa katika maisha yake. Anayechaguliwa katika mzunguko wa kwanza hupewa mkataba wenye kiwango cha malipo kilichopangwa, ambao miaka miwili ya mwanzo huwa na uhakika. Mwaka wa tatu na wa nne hutegemea timu kama itaamua kumwendeleza. Anayechaguliwa katika mzunguko wa pili hana uhakika huo. Kwa sababu hiyo, mchezaji anayetajwa kuwa miongoni mwa watano wa mwanzo hupima mambo mawili: akibaki chuoni atajifunza zaidi, lakini jeraha moja au msimu mmoja mbaya unaweza kumshusha na kumgharimu mkataba ule.

Uteuzi wa mwaka 2009 unaonesha jinsi kipimo hicho kisivyofanana na tuzo za chuoni. Blake Griffin alichaguliwa wa kwanza na Los Angeles Clippers, Thabeet wa pili, James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. DeJuan Blair, aliyegawana tuzo na Thabeet na kumshinda siku ile ya Hartford, alisubiri hadi nafasi ya 37, timu zikihofia hali ya magoti yake. Timu za NBA hazikuwa zikitoa zawadi kwa yaliyopita. Zilikuwa zikikadiria mwili na umri wa mchezaji vitafika wapi baadaye, na makadirio huweza kukosea kwa upande wowote.

Ndani ya ligi ya kulipwa

Thabeet aliwasili Memphis akiikuta timu yenye mchezaji wa kati aliyekwisha kujijenga, Marc Gasol wa Hispania. Majira hayohayo ya kiangazi timu ilimsajili pia Zach Randolph, mchezaji mwenye nguvu na uzoefu chini ya goli. Nafasi ya kucheza ikawa finyu. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na mitupo 1.3 iliyozuiwa. Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ya kuendeleza wachezaji. Wakati huo hakuna mchezaji aliyewahi kuchaguliwa katika nafasi ya juu kiasi hicho kisha akapelekwa katika ligi hiyo.

Mwezi Februari 2011 alihamishiwa Houston Rockets, na Machi 2012 akapelekwa Portland Trail Blazers. Mwaka wa nne wa mkataba wake wa mwanzo haukuendelezwa, na katika majira ya kiangazi ya 2012 alisaini na Oklahoma City Thunder. Huko alipata utulivu zaidi, akicheza michezo 66 katika msimu wa 2012/13 akiwa msaidizi wa wachezaji wa kati wa kikosi cha kwanza. Mchezo wake wa mwisho wa NBA ulikuwa msimu wa 2013/14. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya msimu wa kawaida katika misimu mitano. Baadaye alicheza katika ligi za Japani na Taiwan, kisha akarejea nyumbani na kuvaa jezi ya Dar City ya Dar es Salaam.

Michezo hiyo 224 inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ukiipima kwa nafasi ya pili ya uteuzi, ni michache. Ukiipima kwa kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 katika nchi ambayo haikuwa imewahi kutoa mchezaji wa NBA, ni mingi. Tathmini zote mbili ni za haki, na kijana anayejiandaa anapaswa kuzisikia zote.

Waafrika watatu, njia tatu

Safari ya Thabeet hueleweka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya safari za wachezaji wengine wawili warefu kutoka barani Afrika.

Dikembe Mutombo wa Kongo alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Alimaliza chuo akiwa na shahada ya isimu na diplomasia, na mwaka 1991 alichaguliwa wa nne na Denver Nuggets. Alicheza NBA kwa misimu 18 na kutajwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga jijini Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa. Alifariki dunia Septemba 2024.

Joel Embiid wa Kameruni, kama Thabeet, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Alicheza chuoni Kansas kwa mwaka mmoja tu, akachaguliwa wa tatu na Philadelphia 76ers mwaka 2014. Misimu yake miwili ya mwanzo aliikosa yote kwa sababu ya jeraha la mguu. Timu yake ilimsubiri, na msimu wa 2022/23 akawa mchezaji bora wa NBA.

Mmoja alimaliza chuo, mwingine alikaa miaka mitatu, wa tatu mwaka mmoja. Idadi ya miaka chuoni peke yake haikuamua matokeo. Kilichotofautisha ni kiasi cha ujuzi ambao mchezaji alikuwa nao alipoingia, afya ya mwili wake, na kama timu iliyomchukua ilikuwa na nafasi na subira ya kumlea. Katika mambo hayo matatu, la kwanza ndilo ambalo kijana na walimu wake wanaweza kulifanyia kazi mapema.

Mambo ya kuzingatia kwa vijana na wazazi

Elimu ya sekondari ndiyo sharti la kwanza. Ili kucheza katika daraja la kwanza la vyuo vya Marekani, NCAA humtaka mwanafunzi awe amefaulu masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hisabati, sayansi na sayansi ya jamii, kwa wastani uliowekwa. Kijana anayeacha darasa ili afanye mazoezi anaweza kujifungia mlango alioukusudia.

Shule ya Marekani inayompokea mwanafunzi wa kigeni lazima iwe imeidhinishwa na serikali ya nchi hiyo, na ndiyo inayotoa fomu ya I-20 inayohitajika katika kuomba viza ya mwanafunzi. Mzazi anayeletewa ahadi ya ufadhili wa mtoto wake anapaswa kuiona fomu hiyo, kupata jina na anwani ya shule, kumfahamu mtu atakayekuwa mlezi, na kupata kwa maandishi gharama zinazolipwa na zisizolipwa. Ahadi ya mdomo siyo ufadhili.

Ufadhili kamili wa michezo katika chuo cha daraja la kwanza hugharamia ada, malazi, chakula na vitabu. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa pia kupata kipato kutokana na majina na picha zao. Hata hivyo, mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 hubanwa na masharti ya ajira ya sheria za uhamiaji, hivyo anapaswa kupata ushauri wa ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini mkataba wowote wa kibiashara.

Kwa anayekwenda kucheza katika klabu ya nje, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu. Aliyefikisha umri huo huhitaji barua ya ridhaa kutoka shirikisho la nchi anayotoka, ambalo kwa Tanzania ni Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF).

Njia iliyo karibu zaidi

Thabeet alipokuwa Makongo, kijana wa Kitanzania aliyetaka mchezo wa kulipwa wa kiwango cha juu hakuwa na mahali pa kutazama isipokuwa ng'ambo ya bahari. Leo ipo Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoanza Kigali, Rwanda, Mei 2021 kwa ushirikiano wa NBA na FIBA, na bingwa wa Tanzania hushiriki mashindano ya kufuzu. Nchini, mpira wa kikapu umo katika mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA, Ligi ya Mpira wa Kikapu Mkoa wa Dar es Salaam (BDL) ina wafuasi wake, na viwanja kama vya Kituo cha Vijana cha JMK, Kidongo Chekundu, hupokea watoto walio na umri mdogo kuliko ule ambao Thabeet alianza nao.

Hapo ndipo lilipo somo kubwa la safari hii. Chuo cha Connecticut kilipata miaka mitatu ya kumfundisha kijana mambo ambayo wenzake walikuwa wamejifunza kwa miaka kumi, na kwa miaka hiyo mitatu kilimfikisha nafasi ya pili katika uteuzi wa NBA. Kijana mrefu anayeonekana leo uwanjani akiwa na miaka tisa au kumi, akapata mwalimu, mpira na daftari kwa wakati mmoja, atafika katika mlango uleule akiwa na kitu ambacho Mtanzania wa kwanza hakupewa nafasi ya kuwa nacho: muda wa kutosha wa kujifunza.